Nani Alifunga Fito ya Mamba

Kiwanda cha dobi ni mahali pabaya pa kutafuta damu. Kila kinachoingia kichafu kinatoka cheupe, na watu wa humo wana mkono mwepesi wa kufuta. Mkaguzi alipofika, siku ya pili baada ya ajali, sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka inateleza, na mashine iliyomjeruhi yule mama ilikuwa inang'aa kama sufuria iliyotoka dukani.

Wafanyakazi waliiita mashine hiyo Mamba. Ilikuwa pasi kubwa ya mvuke, magogo mawili ya chuma yanayozunguka yakigusana, upana wake kama kitanda cha watu wawili. Wanawake wawili walisimama mbele yake, wakalisha shuka bichi upande huu, likatokea limenyooka upande wa pili. Mbele ya magogo ilining'inia fito nyembamba ya chuma. Vidole vikisogea mbele kupita kiasi huigusa fito, nayo fito husimamisha mashine papo hapo. Juzi fito iliguswa na mashine haikusimama. Mama Pacha, mjane mwenye watoto mapacha, alivutwa mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo. Madaktari walifanikiwa kuokoa dole gumba tu.

Mkaguzi aliizunguka mashine taratibu, mkoba begani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito kidogo, mwenye mwendo wa mtu asiyefukuzwa na chochote. Zamani alikuwa mpelelezi wa polisi, kisha akahamia idara ya usalama kazini. Viwandani walimpachika jina la Mama Bisibisi kwa sababu bisibisi haikutoka mkobani mwake, na alikuwa na tabia ya kufungua vitu ambavyo wenyewe wangependa vibaki vimefungwa.

"Karibu sana, mama," alisema mwenye kiwanda. Wote walimwita Bosi. Alikuwa na sauti ya upole, na shati lake lilinyooka kuliko mashuka yake. "Jambo hili limetuumiza sote. Sijala tangu juzi."

"Pole."

"Lakini ukweli lazima usemwe. Yule mama alijitakia. Aliifunga fito kwa kitambaa asubuhi ileile ili kazi iende haraka. Kitambaa chenyewe hiki hapa, tumekihifadhi."

Alimpa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani mlikuwa na kipande cha shuka kilichochanwa kwa mkono, kimejikunja, fundo lake bado limekaza.

"Nani alikikuta?"

"Mimi," alijibu mtu aliyesimama nyuma ya Bosi.

Huyo alikuwa msimamizi wa zamu, kijana mrefu aliyeanza kuota mvi mapema, rundo la funguo likining'inia kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkaguzi alishaambiwa getini kwamba Mama Pacha ni mke wa marehemu kaka yake.

"Ulikikuta wapi, baba?"

"Kwenye fito. Hapa mbele." Alionyesha, lakini mkono wake haukuigusa mashine. "Nimeshaandika maelezo na kusaini."

"Na kingine, mama," Bosi aliingilia, "ni kwamba hakuwa mfanyakazi wetu hasa. Ni kibarua. Analipwa kwa siku, hana mkataba. Sasa habari za fidia na mafao, kwa kibarua zinatoka wapi? Nionyeshe mahali palipoandikwa."

"Pameandikwa kwenye mwongozo wa serikali. Na huo unatakiwa uwe umetundikwa hapa ukutani, kila mtu auone."

Bosi alicheka kwa huzuni. "Mwongozo huo tumeutafuta mpaka tukakoma, mama. Serikali yenu inaandika vitu halafu inavificha."

Mkaguzi alivaa miwani, akakiinua kile kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja ulikuwa wa kahawia kama uliochovywa kwenye chai kali. Alilegeza fundo kidogo kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya mkunjo, pale ambapo hewa haikufika, kitambaa kilikuwa bado cheupe. Ncha mojawapo ilikuwa na alama ya grisi nyeusi.

Akaichunguza fito. Haikuwa na grisi hata chembe. Isingeweza kuwa nayo, maana mashuka meupe ya hospitali yanapita juu yake kutwa nzima. Mbali ya hilo, kitambaa kikifungwa hapo mbele kingenasa shuka la kwanza kabisa.

"Fito hii inaendelea mpaka wapi?" aliuliza.

Aliifuata kwa kidole mpaka ubavuni mwa mashine, ilipopotelea nyuma ya mfuniko wa bati wenye kufuli.

"Nifungulie hapa."

Msimamizi alishika rundo lake la funguo. Alichagua mmoja, ukakosa tundu mara ya kwanza, akajaribu tena. Mkaguzi aliona kwamba kwenye pete ile kulikuwa na funguo mbili za namna moja, pacha kabisa, zimekaa jirani.

Mfuniko ulipofunguka joto liliwapiga usoni. Bomba la mvuke lilipita hapo ndani, na kando yake mwisho wa fito ulikuwa umeungana na mkono mfupi wa chuma, nao mkono ukiegemea swichi. Mkono wote ulikuwa umepakwa grisi nzito yenye vumbi la pamba. Wote, isipokuwa mahali pamoja katikati, palipokuwa na mkanda msafi, upana wake sawasawa na kile kitambaa.

Mkaguzi alipima kitambaa na mkanda ule. Msimamizi alitazama sakafu.

"Washeni mashine," alisema mkaguzi. "Mtu yeyote asikaribie. Iende tupu."

Mamba aliunguruma. Magogo yakazunguka, mvuke ukatoka. Haukupita muda mrefu, mashine ikasimama yenyewe, tak! Hakuna aliyeigusa. Wakawasha tena, ikaenda kidogo, ikasimama. Wakawasha tena. Safari hii haikumaliza hata mzunguko.

Kwenye meza ya kukunjia, mama mmoja mfupi aliyefunga kitambaa cha njano kichwani alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona: "Ameanza deko zake."

"Deko zipi, mama?" mkaguzi aligeuka.

Yule mama alishika shuka akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilikuwa naongea na shuka hili."

Mkaguzi alitabasamu kidogo. Alichana utepe mwingine kwenye shuka lililotoboka, akafunga ule mkono wa chuma palepale penye mkanda msafi, usiweze kusogea. Mamba akaenda bila kikwazo. Mkaguzi alivuta kiti akaketi, mashine ikizunguka tupu, Bosi akiangalia saa yake na lori la hospitali likipiga honi nje. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, alizimisha mashine, akakifungua kitambaa chake kipya na kukilaza mezani pamoja na kile cha zamani.

Kipya kilikuwa cheupe, kina joto tu.

"Bosi, hiki kimekaa humo nusu kutwa na hakijabadilika rangi. Hiki chako kimekuwa chai. Huyo mama alikifunga asubuhi ya ajali, kikaungua hivi mpaka saa ngapi?"

Bosi alijifuta paji la uso. "Labda... labda ni fundi. Ndiyo! Fundi wetu wa mitambo. Alikuwa na ufunguo wa mfuniko huo. Na siku ya ajali alionekana hapa, halafu akatoweka. Mpaka leo simu yake haipatikani. Mtu asiye na kosa anakimbia nini?"

Mkaguzi alimtazama msimamizi. "Ni kweli fundi alikuwa hapa siku hiyo?"

"Alikuwepo," msimamizi alijibu. Hilo alilisema bila kusita. Lilikuwa kweli.

*

Fundi alipatikana kwenye karakana ya milango ya chuma, nyuma ya soko, akichomelea geti. Alipoinua kinyago cha kuchomelea na kumwona mwanamke mwenye mkoba na miwani, alikiteremsha tena kama mtu anayefunga mlango.

"Nimeshakuona," alisema mkaguzi. "Na wewe umeshaniona. Zima huo moto tuongee."

"Mimi sihusiki, dada."

"Sijasema unahusika. Nimekuja kuuliza kwa nini umezima simu."

Fundi alivua kinyago. Alikuwa na uso mpana, wa mtu anayecheka kwa urahisi siku nyingine. "Nimezima kwa sababu ya Bosi. Alinipigia jioni ile ya ajali. Akasema, 'Umeonekana kiwandani, na wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Kaa kimya, nami nitakaa kimya.' Nina watoto, dada. Nikazima."

"Kiwandani ulifuata nini?"

"Sanduku langu la vifaa. Niliondoka pale kabla shule hazijafunguliwa. Muulize mwenye karakana nimekuwa hapa tangu lini."

Mwenye karakana, bila kuulizwa, alipaza sauti kutoka chini ya gari bovu: "Tangu shule hazijafunguliwa! Na hajawahi kuwahi hata siku moja!"

Mkaguzi aliketi juu ya gurudumu kuukuu. "Kwa nini uliondoka?"

"Swichi. Ile swichi ya Mamba ilikuwa imechoka. Mashine ikitikisika kidogo tu, swichi inadhani mtu ameigusa fito, inazima. Nilimwambia Bosi ninunuliwe mpya. Akasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, akasema mwezi ujao. Siku moja akaniambia, 'Wewe ni fundi au ni karani wa manunuzi? Tafuta njia.' Nikamwambia njia ni moja tu, kuifunga, na mimi siifungi ng'o. Kesho yake nikaambiwa kazi hakuna."

"Na ufunguo wako?"

"Nilimkabidhi msimamizi, mkono kwa mkono."

Mkaguzi alikumbuka pete yenye funguo mbili pacha. Kama fundi alikuwa amerudisha wake, basi funguo zote za mfuniko zilikuwa kwenye kiuno kimoja tangu kabla ya kitambaa kile kuanza kuungua.

Fundi alielewa anamfikiria nani. "Dada, yule kijana si mtu mbaya. Tangu kaka yake afe, nyumba mbili zinakula kwake. Wale mapacha wanamwita baba. Sijui alifanya nini, lakini kama alifanya, hakufanya kwa kupenda."

"Hilo la kupenda au kutopenda, na lenyewe nitaliandika," alisema mkaguzi.

*

Alipita ofisini kwake kabla ya kwenda hospitali. Alitaka nakala ya mwongozo wa mafao, kile kitabu chembamba cha jalada la kijani kinachoeleza nani alipwe nini akiumia kazini. Kwenye korido alimkuta msichana ameketi kwenye benchi, viatu amevivua, anajikanda nyayo.

"Unasubiri huduma, mwanangu?"

"Sijui tena nasubiri nini." Msichana alisimama kwa heshima, miguu peku. "Dada yangu ameumia kiwandani. Natafuta maandishi yanayosema haki zake. Nilianzia ofisi ya kazi, wakasema niende mfuko wa fidia. Mfuko wa fidia wakasema kwanza nilete barua ya mwajiri. Mwajiri ndiye anayesema dada si mfanyakazi. Nikaambiwa yote yapo kwenye mtandao. Nimekaa pale kwa mwenye kompyuta mpaka akanionea huruma. Ukibonyeza, inazunguka tu halafu inaandika 'ukurasa haupatikani'. Ndiyo nikaja huku. Huku wanasema vitabu vimekwisha."

"Dada yako ndiye Mama Pacha?"

Msichana alimkazia macho. "Unamjua?"

"Ninalichunguza jambo lake." Mkaguzi alimgeukia kijana wa mapokezi. "Nani kasema vitabu vimekwisha?"

"Havijaisha hasa, bibi," kijana alijikuna shingo. "Viko stoo. Ila mwenye ufunguo wa stoo yuko semina."

"Semina ya nini?"

Kijana alisita. "Ya huduma bora kwa wananchi."

Mkaguzi alijiuliza yeye mwenyewe alikuwa mwaka wa ngapi katika idara hii, na mara ngapi aliwaambia wenye viwanda kwamba kutoujua mwongozo si kisingizio? Na muda wote huo miongozo yenyewe ilikuwa imefungiwa hatua chache kutoka mezani kwake. Maneno ya Bosi, kwamba serikali inaandika na kuficha, yalimchoma mahali ambapo hakupenda yamchome.

Alikwenda mpaka mlango wa stoo, akatoa bisibisi, akapiga goti.

"Bibi, huo ni mlango wa serikali," kijana alisema kwa woga.

"Na mimi ni nani? Shika hapa juu usiniangukie."

Alifungua skrubu za bawaba, moja baada ya nyingine, na msichana akazikinga kiganjani. Mlango ulipoegeshwa pembeni, vumbi liliwasalimu. Vitabu vya kijani vilikuwa vimepangwa mpaka karibu na dari, vingi bado vimefungwa kwa kamba za kiwandani. Msichana alisimama mlangoni akavitazama, na badala ya kufurahi, midomo yake ilianza kucheza kama anayetaka kulia.

"Vyote hivi," alisema.

"Vyote hivi," mkaguzi alikubali. "Chukua unavyoweza kubeba. Na wewe, mapokezi, vingine viweke mezani kwako. Mtu akija, mpe kabla hajauliza."

*

Wodini Mama Pacha alikuwa ameegemea mito, mkono wake umezungushiwa bendeji mpaka ukawa mkubwa kama wa bondia. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali yaliyomfuata mkaguzi tangu mlangoni.

"Najua umekuja kuuliza nini," alisema kabla ya salamu kuisha. "Nilifunga mimi. Andika tupumzike."

"Dada!" mdogo wake alishtuka.

"Nyamaza wewe. Nilitaka kuwahi kumaliza kazi nirudi kwa wanangu. Nikaifunga ile fito. Kosa langu. Hakuna mwingine."

Mkaguzi alivuta kiti. "Pole kwa maumivu, mama. Nieleze ulivyoifunga."

"Kwa kitambaa. Nikakichana kwenye shuka."

"Ukakifunga wapi?"

"Kwenye fito. Mbele pale."

"Mbele pale shuka la kwanza lingekinasa. Wewe umelisha Mamba miaka. Unajua kuliko mimi. Kilifungwa ndani, nyuma ya mfuniko wenye kufuli. Funguo hukuwa nazo. Na kilikaa humo muda mrefu, mpaka kikabadilika rangi."

Mama Pacha aligeuza uso ukutani.

"Mama, unamkinga mtu. Sikulaumu. Ila niambie, unadhani unampa nini kwa kumkinga?"

"Nampa kazi yake," aliuambia ukuta. "Mimi ni kibarua. Kosa liwe langu au la nani, sipati kitu. Bosi mwenyewe alikuja hapa akanieleza vizuri tu, na maua mkononi. Sasa kama sipati kitu, kwa nini na yeye akose? Wanangu watakula nini?"

Mkaguzi alimpa msichana kitabu cha kijani, akamfungulia ukurasa. "Soma hapo. Kwa sauti."

Msichana alisoma, mwanzo kwa kujikwaa, kisha kwa sauti iliyopanda: "'Mfanyakazi ni mtu yeyote anayefanya kazi kwa malipo chini ya maelekezo ya mwingine, awe wa kudumu, wa muda au kibarua, awe na mkataba wa maandishi au hana.'"

Mama Pacha alirudisha uso.

"Rudia."

Akarudia. Kisha mkaguzi akamsogezea kidole chini zaidi. "'Mfanyakazi aliyeumia kazini atalipiwa matibabu na atapewa fidia hata kama uzembe wake mwenyewe ulichangia ajali, isipokuwa iwapo alijiumiza kwa makusudi.'"

"Hata kama uzembe?"

"Hata kama. Kwa hiyo hata ungekuwa umeifunga wewe, una haki yako. Na hukuifunga wewe. Endelea, mwanangu, ukurasa wa pili."

"'Ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha kwamba kinga za mashine zipo, ni nzima, na zinafanya kazi wakati wote. Wajibu huu hauhamishiki kwa msimamizi wala kwa mfanyakazi.'"

Mama Pacha alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Na huyo aliyeifunga. Hicho kitabu kinasemaje? Atafungwa?"

Mkaguzi alivua miwani. Swali hili aliulizwa mara nyingi akiwa polisi, na huko alijifunza kwamba jibu tamu likigeuka uongo linaumiza mara mbili. "Sitakuahidi kitu nisichokuwa na mamlaka nacho. Atahojiwa. Kuna adhabu anaweza kupewa. Lakini mtu anayesema mwenyewe, akaeleza nani alimwamuru na kwa nini, hatazamwi sawa na mtu aliyekutwa anaficha. Nina ushahidi wa kutosha kumfikia, mama. Nilikuwa natumaini asisubiri nimfikie."

"Hatasubiri," ilisema sauti ya mlangoni.

Msimamizi alikuwa amesimama hapo na chupa ya chai mkononi. Haikujulikana alikuwa amesimama tangu lini. Pete ya funguo haikuwepo kiunoni.

"Nimeziacha mezani kwa Bosi," alisema alipoona mkaguzi anatazama. Akaingia, akaweka chupa juu ya kabati dogo, akakosa pa kuweka mikono. "Shemeji."

Mama Pacha alitazama dari.

"Shemeji, mimi ndiye niliyeifunga. Unajua ni mimi. Mashuka ya hospitali yalikuwa yanachelewa, Bosi kila siku anasema nikishindwa ataleta mwingine. Nikajisemea ni ya muda, swichi ikija nitaifungua. Kila asubuhi nilikuwa napita pale najisemea hivyo. Juzi Bosi akaniambia, 'Tukisema ni mashine, kiwanda kinafungwa, na huyo shemeji yako na wenzake wote wanarudi nyumbani. Tukisema ni yeye, hapotezi kitu, maana hana kitu.' Nikaona kama kweli. Nikasaini. Nisamehe, shemeji."

Msichana alikuwa amekibana kitabu kifuani, akimtazama kwa hasira ambayo haikujua ianzie wapi.

"La kufunga nilikusamehe kwenye gari la wagonjwa," Mama Pacha alisema hatimaye. "Nilikuona ulivyokuwa unalia, ukashindwa hata kumwelekeza dereva njia. Lakini ile karatasi... Uliketi. Ukashika kalamu. Ukaandika jina langu. Hiyo bado. Sijui lini. Usiniulize kesho."

"Sitauliza."

"Utakwenda nyumbani leo uwaambie wanangu wewe mwenyewe. Usimtume mke wako. Waambie mama yao hakufanya ujinga."

"Nitawaambia."

"Na hiyo chai mimina. Koo limekauka."

Alimimina. Kikombe kilimwagika kidogo, akafuta kwa mkono wa shati. Alimshikia shemeji yake kikombe mdomoni, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa na sindano ya maji, naye akanywa taratibu bila kumtazama.

Mkaguzi alisubiri mpaka kikombe kikaisha. Akatoa karatasi mpya, akaiweka juu ya mwongozo ili ipate kitu kigumu chini yake.

"Unaweza kutafuta mwanasheria kwanza," alimwambia msimamizi. "Ni haki yako, na wewe pia ni mfanyakazi. Hakuna anayekulazimisha."

"Nataka sasa. Nikitoka hapa nitaogopa." Alivuta pumzi. "Andika hivi: mimi, msimamizi wa zamu ya asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe, ndiye niliyefunga—"

"Siyo hapo," Mama Pacha alimkatiza.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameinuka kidogo kwenye mito, uso umekunjamana kwa maumivu, na kidevu chake kikielekea kile kitabu cha kijani.

"Umesikia alichosoma mdogo wangu? Anzia kwenye swichi," alisema. "Fundi alivyoiomba, na Bosi alivyoikataa. Halafu ndiyo ufike kwako."